Gist inakataa picha ya PNG, nifanyeje?

Njiro, Arusha: Wakuu, nina msimbo wa grafu za mvua kwenye Gist (huduma ya GitHub ya kuweka vipande vya msimbo mtandaoni). Nataka picha ya PNG ikae humohumo, lakini ukurasa wa kuhariri unapokea maandishi tu.

Majengo, Moshi: Mkuu, kila Gist ni hazina kamili ya Git (programu ya kutunza matoleo ya faili). Inakili kwenye kompyuta, ingia kwenye folda yake, weka picha, kisha isukume (itume GitHub). Pale penye KITAMBULISHO weka namba ya Gist yako:

`git clone https://gist.github.com/KITAMBULISHO.git`
`git add mvua.png`
`git commit -m "Picha ya grafu"`
`git push`

Ukiombwa nenosiri, bandika tokeni (ufunguo wa siri unaoutengeneza kwenye mipangilio ya GitHub) yenye ruhusa ya `gist`. Nenosiri la akaunti halikubaliki tangu Agosti 2021.

Sakina, Arusha: Usitengeneze folda ndani yake, utakataliwa wakati wa kusukuma. Na punguza ukubwa wa picha kabla ya komiti (kuhifadhi toleo kwa `git commit`), tafadhali: ukiifuta baadaye inabaki kwenye historia, na kila anayenakili anaishusha kwa bando lake.

Kuionyesha kwenye faili la `.md` (maandishi ya Markdown), bofya kitufe cha Raw kwenye picha, chukua kiungo, uondoe ile namba ndefu baada ya `/raw/`. Ukiiacha, itaonekana picha ya zamani hata ukisukuma mpya.