Fildi ya ugavi: LPO ya rimu 50, zimeshuka 40, bosi anasema saini 50

Mwanafildi_Ugavi:
Wakuu, habari za jioni. Swali kwa watu wa stoo na ukaguzi. Mwanafunzi wa ununuzi na ugavi yuko fildi ya wiki nane. LPO, yaani hati ya kuagiza mali, inasema rimu 50 za A4, gari limeshusha 40. Mtunza stoo anampa GRN, yaani hati ya kupokea mali, anamwambia, "Jaza 50, saini, hizo kumi zinaletwa jioni." Na huyohuyo ndiye atakayejaza fomu yake ya tathmini. Afanyeje? Maadili ya taaluma darasani ni slaidi, na hakuna slaidi yenye bosi aliyesimama pembeni na kalamu.

StooKuu:
Dogo, kwanza elewa hiyo karatasi inaenda wapi. Mhasibu haingii stoo. Analinganisha karatasi tatu: LPO, GRN na ankara ya muuzaji. Zikikubaliana, analipa. GRN ikisema 50, muuzaji analipwa 50, na zile kumi za jioni zinabaki kuwa hisani yake. Ndiyo maana "nilitumwa" haisaidii baadaye: aliyesaini amesema aliziona na kuzihesabu.

Hesabu kabla ya kuangalia hati ya mzigo aliyonayo dereva, maana ukishaona 50 macho yanaanza kutafuta 50. Boksi la A4 kwa kawaida lina rimu 5, kwa hiyo 50 ni maboksi 10. Yakishuka 8, hesabu imekwisha bila kubishana na mtu. Boksi lenye selotepu iliyorudishiwa lifungue, rimu moja huchomolewa kirahisi. Kwenye nakala zote za hati ya dereva andika "Zimepokelewa 40, arobaini tu, pungufu 10", weka tarehe na saa, dereva naye asaini papo hapo kabla hajawasha gari. GRN 40, bin kadi (kadi ya idadi ya mali stoo) 40, leja 40. Zile kumi zikifika zinafunguliwa GRN ya pili kwa LPO ileile. Kupokea kwa awamu ni jambo la kawaida stoo yoyote.

Kuhusu bosi, usianze na neno rushwa. Huna ushahidi, na mara nyingi ni uvivu tu wa kujaza karatasi mbili. Mwambie: "Mzee, naomba nijaze hizi 40, kumi zikifika ya pili naiandaa mimi, wewe utapitia tu." Umempunguzia kazi na heshima yake iko palepale.

Mkaguzi_Ndani:
StooKuu yuko sawa, ila ameruka kubwa. Mwanafildi hatakiwi kusaini kama mpokeaji hata zikiwa 50 kamili. Hiyo sahihi ni ya mwajiriwa aliyekabidhiwa stoo, na taasisi za umma zina kamati ya ukaguzi na mapokezi. Mwanafunzi ahesabu, ajaze kwa mwandiko wake, na jina lake likilazimika kuwepo aandike "Imejazwa na fulani, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo".

Halafu tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na fildi nyingi zinaanza Julai. Hapo ndipo hati za mapokezi za "Juni 28" zinapotafuta mkono wa kuzisaini, na mkono wa mgeni ndio mwepesi kuupata. Barua yako ya kuripoti ina tarehe ya Julai. Mkaguzi akiziweka pamoja, utaulizwa ulisaini vipi kabla hujafika. Hiyo usitafutie lugha laini, kataa.

Binti_Leja:
Nyongeza ya logibuku, lile daftari la kumbukumbu za kazi za fildi. Andika kilichofanyika: "Nimeshiriki kuhesabu rimu 40 kati ya 50 za LPO na kujaza bin kadi." Usiandike "bosi alitaka kuiba", kwanza hujui, pili yeye ndiye anayeisaini kila wiki. Na msipige picha ankara wala bei za wazabuni kwa ajili ya viambatisho vya ripoti. Ombeni fomu tupu. Picha ikishaingia kundi la WhatsApp la darasa, bei ya mzabuni iko mtaani.

Mwanafildi_Ugavi:
Shukrani sana. Na akisema "saini au rudi chuoni"?

Mkaguzi_Ndani:
Usisaini. Siku hiyohiyo mpigie msimamizi wako wa chuo, mweleze ulichoombwa bila kupamba, uombe kuhamishiwa kitengo kingine au ofisi nyingine. Ukisubiri hadi mwalimu aje kukukagua, itaonekana unajitetea kwa alama mbaya. Ukiona ni mchezo wa kila wiki na si siku moja, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba 113, kupiga ni bure.

StooKuu:
Na kabla hujamkazia macho mtunza stoo, angalia ripoti yako unaichapisha kwa karatasi za nani. Kurasa 60, nakala tatu, ni karatasi 180, zaidi ya theluthi ya rimu, na kwenye bin kadi hazina mstari.