Mrejesho: Miwani badala ya laptopu

Wakuu, niliuliza kama Xreal Air 2, miwani yenye skrini ndani inayochomekwa kwenye simu, inaweza kuistaafisha laptopu. Inaweza, ila si kwa simu yoyote.

Miwani hii haina akili yake. Ni skrini tu, 1920×1080 kwa kila jicho. Kompyuta ni simu. Sharti la kwanza ni tundu la USB-C linalotoa picha (DisplayPort). Galaxy S nyingi zinatoa, tena zina DeX (mfumo wa Samsung unaoifanya simu ionyeshe madirisha kama kompyuta). Simu nyingi za bei nafuu zina tundu la umbo lilelile lakini la chaji na data tu: ukichomeka, giza. Kwa iPhone, anzia 15.

Kinachosumbua hasa ni umeme. Miwani haina betri, inanyonya ya simu, na tundu ni moja. Tafuta kigawanyio kinachopitisha picha na chaji kwa pamoja; vile vya chaji na earphone havifai.

Kibodi na mausi: Bluetooth. Maandishi ya pembeni yakififia, badilisha vipira vya puani kabla ya kulaumu macho, kisha kuza herufi. Juani funika lenzi kwa kile kifuniko cheusi kinachokuja na miwani. Utaonekana kama mlinzi wa rais anayejaza Excel.