Bondi ya laki tano kwa mtu wa boda, tuitoe wapi?

Wadau, nimetoka kortini hapa Kisumu sasa hivi na bado natetemeka kwa hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Mdogo wangu ni mtu wa boda. Jumanne ya wiki jana alibeba abiria steji ya Kondele, jamaa na gunia lake la viazi. Mbele wakakuta polisi. Abiria akaruka, akapotelea vichochoroni, gunia likabaki kwenye keria. Chini ya viazi, bangi. Basi mlanguzi akawa mwenye pikipiki!

Siku ya kwanza kituoni tuliambiwa ni kilo mbili. Karatasi ya mashtaka inasema kilo nne na nusu. Nilipouliza, afisa akanijibu eti zile mbili zilikuwa za kukadiria kwa mkono. Kifungu cha 74A cha sheria ya dawa za kulevya ya 1994 kinataka mzigo upimwe mbele ya anayeshtakiwa, pale inapowezekana. Ilishindikanaje, na yeye alikuwa seli, hatua kumi kutoka kwenye mizani? Wakili wetu amekamatia hapo hapo.

Lakini hiyo ni ya siku ya kusikizwa. Kinachonichoma leo ni bondi, yaani dhamana ya kumtoa ndani akisubiri kesi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mshtakiwa aachiliwe kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Mwendesha mashtaka akadai atatoroka. Aende wapi, na wanawe wawili wako shule hapa Nyalenda? Hakimu akakubali bondi, kisha akataja laki tano na mdhamini wa kiasi hicho hicho. Hakuna pesa taslimu badala yake. Shamba letu Nyakach hatuwezi kuliweka dhamana, hati bado ina jina la babu, marehemu tangu niko darasa la tano.

Pikipiki nayo ni kielelezo, inashikiliwa kama ushahidi. Nimeipitia uani kituoni leo: betri haipo, kioo kimoja hakipo. Mkopo wake unadai kila jioni kwa simu, huo haujali nani yuko ndani.

Wakili anataka twende Mahakama Kuu kuomba masharti yapunguzwe, anasema kifungu cha 123 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinaruhusu. Aliyewahi kupitia njia hiyo hapa Kisumu, ilichukua siku ngapi? Na logbuku, yaani hati ya umiliki, ya matatu ya mjomba wangu inaweza kukubaliwa kama dhamana? Kesi inatajwa tena Alhamisi na kijana yuko gereza la Kodiaga.