Vipeo na mazingira: nimeulizwa "naitumia wapi?" nikakosa jibu

MwalimuChaki:
Wakuu, habari zenu. Nafundisha hisabati, watoto wa miaka 14. Juzi namaliza vipeo, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii 1.07 kwa kipeo cha 10 naitumia wapi?" Darasa likacheka. Nikajibu hovyo, eti itatoka kwenye mtihani. Nimefika nyumbani najilaumu, maana jibu ni karibu 1.97. Yaani kitu kikiongezeka asilimia 7 tu kila mwaka, iwe taka au matumizi ya maji, miaka 10 haipiti kabla hakijakaribia kuwa maradufu. Nataka kurudi na somo la mazingira, ila hotuba ya "tuitunze dunia" sitaki, wameichoka. Nyie mlifanyaje?

MziziWaMbili:
Mkuu, anza na bomba linalovuja. Mimi nililegeza koki hadi likadondosha tone moja kila sekunde. Kabla ya kupima, kila mtoto aandike makisio yake ya siku nzima. Wangu wengi waliandika nusu lita. Siku ina sekunde 86,400, na nilishawapa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo lita 4.3. Kikundi kimoja kikakataa! Wakakinga kwa sirinji ya mililita 10, ikajaa kwa matone 160 tu. Matone yao yalikuwa manene. Wakapiga upya wakapata lita 5.4, na mimi nikafuta namba yangu ubaoni.

Kikokotoo:
Bomba zuri, lakini hiyo ni kuzidisha tu, grafu yake mstari mnyoofu. Mwenzetu kauliza vipeo. Mpe magugu maji. Yakipata joto na mbolea ya kutosha huweza kuongezeka maradufu kwa wiki 2 hivi. Yakiwa yamefunika asilimia 1 ya ziwa: 2, 4, 8, 16, 32, 64, hatua inayofuata hakuna maji yanayoonekana. Kisha uliza: ziwa limefunikwa nusu, zimebaki wiki ngapi? Watakwambia 6 au 7. Zimebaki 2.

MwalimuChaki:
Nimerudi. Bomba nimelipa dakika 10, magugu yamekula vipindi viwili. Niliwaambia sentimita 1 iwe asilimia 1, basi kwenye 32 karatasi ikaisha. Wakagundisha ya pili, kwenye 64 ikabidi ya tatu, grafu ikaning'inia kutoka ubaoni hadi sakafuni. Yule binti akaishika kwa chini akauliza, "Kwa hiyo wakati wa kung'oa ni hapa, ambapo hata hayaonekani?" Mwenzake akadakia kwamba hapo nani atakubali kutoa hela ya kung'oa kitu kisichoonekana. Wakabishana mpaka kengele.

Ila kuna mmoja kanibana: ziwa likijaa, mkunjo unaendelea kupanda kwenda wapi? Najua jibu ni mkunjo wa umbo la S, nafasi inapobana kasi inapungua. Kuna aliyewahi kuuchora na watoto wa umri huu bila kuwapa fomula?

MziziWaMbili:
Maharage na ubao wa drafti, Mkuu. Kila punje izae moja kwenye mraba wa jirani ulio wazi, isiyo na mraba wa jirani ulio wazi isizae. Wahesabu kila raundi.