Nataka kutoa waridi jipya, naanzaje?

Wakuu, niko Mafinga, nina waridi jekundu linanukia balaa ila linashikwa sana na madoa meusi, na jeupe halinukii ila majani safi muda wote, nataka niyachanganye nipate aina mpya, inawezekana nyumbani?

Mdau wa Uyole: Inawezekana kabisa mkuu. Ua la mama (litakalobeba mbegu) kabla halijafunguka toa petali na stameni zote (vijiti vya kiume vyenye chavua, ule unga wa ua), kesho yake paka chavua ya baba (lile waridi la pili) kwenye stigma (ncha ya kike katikati ya ua), funika na kimfuko cha karatasi, weka lebo. Tunda likiiva mbegu zikae frijini kwenye mchanga wenye unyevu wiki 6 hivi, bila baridi, mbegu nyingi zinagoma kuota.

Dada Tukuyu: Kila mbegu inatoa mche tofauti, panda nyingi! Na usikimbilie uzuri wa ua, kwanza angalia mche upi unahimili mvua zetu bila kushikwa na madoa. Ukiupata zalisha kwa vipandikizi tu (vipande vya matawi yake).