MREJESHO: Mistari iliyovutika kwenye Word imekaa sawa, namba za kurasa bado

Wadau, nimerudi. Wiki iliyopita niliwaomba msaada wa ripoti ya kijana wa chuo, habari za dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyoniletea hapa steshenari Mwanga, Kigoma. Mstari wa mwisho wa kila aya ulikuwa umevutika, maneno matatu yameachana kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Aliyesema nibonyeze Ctrl+Shift+8 nione alama zilizofichika, ubarikiwe sana. Mwisho wa kila aya kulikuwa na kimshale kilichopinda. Kumbe kijana alikuwa anakata aya kwa Shift+Enter, inayokata mstari bila kufunga aya, ndiyo maana Word ikauvuta! Nikafungua Ctrl+H (kisanduku cha kutafuta na kubadilisha), juu nikaandika ^l, alama ya hiyo Shift+Enter (ni herufi L ndogo, siyo moja; mimi nilikosea mara mbili), chini ^p, alama ya aya mpya, nikabadilisha zote. Ikanyooka papo hapo.

Ushauri wa kuchagua yote kisha Ctrl+Space ulisafisha fonti mchanganyiko, ila ulifuta na italiki. Kila Stolothrissa tanganicae (jina la kisayansi la dagaa) ikasimama wima. Nimeyalaza upya moja moja mpaka saa tano usiku. Mwenye majina ya kisayansi asichague yote, achague aya iliyoharibika tu.

Namba za kirumi za kurasa za mwanzo zimenishinda. Nikiweka i, ii, sura ya kwanza nayo inafuata. Nimeishia kugawa faili mbili na kuzichapa mbalimbali.

Asanteni sana. Kijana kaichukua jana, hela eti Jumatatu.