Kila setilaiti ikitajwa mnapiga kelele "watu wana njaa". Basi leo tuongee hiyo njaa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naomba mniache niseme.

Tangu Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi, irushwe Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka California, hapa hapajakosa mtu wa kuandika: "Milioni 50 za kupeleka chuma angani wakati kaskazini watu wanakufa njaa!" Na anaandika kwa simu iliyotoka kumwonyesha njia ya kwenda kula nyama choma, kwa setilaiti zinazoendeshwa na jeshi la Marekani. Hizo hazimuudhi kwa sababu bili inalipwa na mwingine.

Shilingi milioni 50 ni pesa, sikatai. Lakini bajeti ya serikali ya 2022/23 ilikuwa kama trilioni 3.3. Gawa mwenyewe. Ni sawa na shilingi moja katika kila shilingi 66,000. Mkitaka kujua pesa ya unga imekwenda wapi, mnatafuta mahali pasipo na mwizi.

Sasa twendeni huko kaskazini mnakokutaja bila kukujua. Mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit bima ya mifugo ya aina ambayo hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapima ukijani wa malisho kutoka juu, na msimu ukiwa mbaya kupita kiwango kilichowekwa, kila aliyekata bima eneo hilo analipwa. 2011 fidia za kwanza zikatoka. 2015 serikali yenyewe ikaingia, ikawa inawalipia wafugaji ada ya bima, ikianzia Turkana na Wajir. Wazo likawa mtu apate pesa anunue majani na maji ng'ombe angali amesimama, si baada ya kumchuna ngozi. Kwa hiyo yule mwenye njaa mnayemtumia kama ngao ndiye mwenye haja na setilaiti kuliko mimi na wewe tunaobishana hapa.

Jicho lenyewe la huko angani ni la nani? La Wamarekani, wengine Wazungu wa Ulaya. Na hapo ndipo damu inaponichemka. FEWS NET, ule mfumo wa kutoa tahadhari ya njaa uliojengwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, unategemewa mpaka leo na nchi zetu na mashirika ya misaada. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada ya nje, na tovuti ya FEWS NET ikazimwa. Hakuna aliyetuuliza. Ilikaa hivyo miezi ndipo ikarudishwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na sisi tumeivaa miaka 40 huku tukimcheka anayetaka kujifunza kushona!

Najua mtakuja na hili: picha za setilaiti za Sentinel za Ulaya ni za bure, na ni kali kuliko za Taifa-1. Kweli kabisa. Nukta moja ya picha ya Sentinel-2 ni mita 10 za ardhi, yetu mita 16. Taifa-1 ni kijisetilaiti cha kujifunzia, kilichotengenezwa na wahandisi wetu pamoja na kampuni ya Bulgaria, na wakubwa wangesema hivyo waziwazi badala ya kutupigia ngoma kana kwamba ukame umekwisha. Sherehe ilikuwa kubwa kuliko maelezo. Hilo kosa ni la serikali, tena limewapa nyinyi mdomo.

Halafu kuna Ngomeni, kule karibu na Malindi, ambayo inaniuma kama mtu wa Pwani. Waitalia walianza kurusha setilaiti baharini pale mwaka 1967, kwenye jukwaa la San Marco, kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi na roketi inapata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikarushwa pale setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Nobel mwaka 2002. Sisi tukapata jina. Tangu 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa tena pale, Waitalia bado wapo na kituo chao, na vijana wa Ngomeni wanavua samaki wakiyatazama yale majukwaa. Hivi kama miaka yote hiyo tungekuwa tunatenga kitu kidogo kwenye bajeti, tungekuwa bado tunaitwa wenyeji tu?

Msininukuu vibaya. Sisemi twende mwezini. Nasema bajeti ya anga iongezwe, ielekezwe kwenye malisho, mafuriko na mazao, na picha zifike kwa afisa kilimo wa kaunti, zisiishie kwenye hotuba Nairobi.

Wale wa "barabara kwanza" karibuni, uwanja ni wenu. Ila anayekuja aje na bajeti ya magari na safari za waheshimiwa mkononi, tuanzie hapo kukata.